Deki ya DVD ya kubebea: kabla hujalipa, chomeka waya wa AV

Mwezi uliopita nilimnunulia mama deki ndogo ya DVD Kariakoo, zile za kukunja kama laptop, kwa shilingi 190,000. Mama yuko Korogwe. Umeme ukikatika anataka aendelee na kwaya zake kwa betri, na wageni wakija aichomeke kwenye TV ya sebuleni. Betri nzima, kioo safi. Kuichomeka kwenye TV, sauti ikaunguruma na picha ikawa inaviringika. Jioni nzima tulihangaika tukidhani TV imekufa.

Ubovu ulikuwa kwenye waya unaoingia tundu la AV, lile la kutolea picha na sauti. Dukani hakuna anayekuonyesha tundu hilo. Utaonyeshwa inchi na rangi.

Ni tundu la milimita 3.5, ukubwa uleule wa hedifoni. Pini yake ina sehemu nne: ncha, pete mbili na shina. Moja hubeba picha, mbili hubeba sauti ya kushoto na kulia, moja ni ethi. Watengenezaji hawakuwahi kukubaliana ipi ikae wapi. Ndiyo maana ukichukua waya wa deki moja ukautia kwenye nyingine, wa njano unaweza kutoa sauti na mwekundu ukatoa picha. Hiyo ina dawa: hamisha rangi kule kwenye TV mpaka picha itulie. Ethi ikiwa imehama, hamisha utakavyohamisha, hupati picha wala sauti safi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama. Ndani ya boksi mlikuwa na waya wa deki nyingine kabisa.

Ukipata sauti bila picha, hakikisha hujachomeka kwenye tundu la hedifoni, yanafanana mno. Deki nyingine zina swichi ya AV IN na AV OUT. Ikikaa IN, TV haipati chochote. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, deki inatoa NTSC na TV inataka PAL, mifumo miwili tofauti ya picha za rangi: tafuta kitufe cha P/N kwenye rimoti. Na VCD za karaoke huweka mwimbaji upande mmoja na ala upande mwingine, kwa hiyo bonyeza L/R kabla hujalaumu spika.

Kwangu namba moja ni Sony za mfululizo wa DVP-FX, hata za mtumba, na ukiipata FX980 ya inchi 9 usiiachie. Ninayo Sony nyumbani na sioni sababu ya kuficha mapenzi yangu. Kitabu cha maelezo unakipata kwenye tovuti yao, unaona kila tundu ni la nini. Angalia tu namba ya eneo, kufuli linaloamua deki icheze diski za nchi zipi: Tanzania iko eneo la 5, Uingereza na Dubai ni 2, Marekani 1, hivyo filamu orijino ya hapa inaweza kukataa kwenye deki ya London. Kwaya na filamu nyingi za kwetu hazina kufuli hilo. Halafu zungusha kioo taratibu picha ikicheza. Ikitoa mistari, utepe wa waya ndani ya bawaba umechoka, iache.

Namba mbili ni Philips, kama Sony imekosekana.

Zile za bei ya chini zilizoandikwa EVD, inchi 9.8: nenda na rula. Ya mama ilitoka 7.5 kona kwa kona. Vioo vyake vingi ni nukta 480 kwa 234, wakati DVD ya PAL imebeba 720 kwa 576.

Kinachoniuma zaidi ni neno TV kwenye boksi. Dar es Salaam matangazo ya analojia, ya zamani kabla ya dijitali, yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na bado muuzaji aliniongezea elfu ishirini kwa sababu ya antena! Kama deki haijaandikwa DVB-T2, yaani mfumo wa TV ya dijitali ya antena, hiyo antena haikamati kituo chochote hapa. Niliporudi nikiomba waya sahihi tu, nikaonyeshwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti yenyewe nilikuwa nimeiomba mara tatu.

Fundi wa Korogwe alipima ethi kwa mita, akakata pini, akaunga upya kwa shilingi 5,000. Mama ameufunga waya huo uzi mwekundu, na wajukuu wamekatazwa kuugusa.