“Hii imepitwa, chukua mpya”: uzoefu wangu kwenye kaunta ya huduma

Simu ilikuwa na kasoro moja tu. Ilijizima ikionyesha bado ina asilimia 30, hasa nikifungua kamera. Yeyote aliyewahi kushika bisibisi anajua hiyo ni betri. Nikaipeleka kituo cha huduma cha walioitengeneza, nikaomba kitu kimoja: wanibadilishie betri. Kijana wa kaunta hakuifungua, hakuipima, hata kwenye chaja hakuichomeka. Aliigeuza mgongoni, akaitazama, akasema, “Hii imepitwa, mzee. Chukua mpya.” Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Imepitwa na nini? Kioo kizima, spika safi, mtandao unashika. Kilichochoka ni kipande kimoja, na hicho kiliundwa tangu mwanzo kichoke. Betri ya lithiamu huliwa na matumizi kama soli ya kiatu. Za simu nyingi zilikusudiwa zibaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, yaani mwaka mmoja na nusu au miwili kwa anayechaji kila siku. Uwezo ukishuka, ukinzani wa ndani, yaani kizuizi cha umeme ndani ya betri, hupanda. Kamera ikivuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti huporomoka chini ya kiwango ambacho mazabodi, ule ubao mkuu wa umeme ndani ya simu, inahitaji, simu inazima. Zile asilimia 30 hazijaenda popote. Zimeshindwa tu kutoka kwa kasi inayotakiwa.

Ndiyo maana shamrashamra za matoleo mapya zinaniudhi. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka ili zisijizime ghafla. Ukiweka betri mpya, kasi inarudi. Sasa hesabu ni wangapi duniani walioona simu inaburuta, wakaamini imezeeka, wakaenda kupanga foleni. Ule utamu wa wiki za kwanza za simu mpya, kwa sehemu kubwa, ni utamu wa betri mpya na hifadhi tupu. Vyote viwili unaweza kuvipata kwenye simu uliyonayo. Hifadhi ikijaa kupita asilimia 90, chipu ya hifadhi inakosa nafasi ya kupanga data kabla ya kuandika, na kila kitu kinakuwa kizito. Futa video za magrupu, acha angalau asilimia 15 wazi, zima na uwashe. Kama tatizo ni kutochaji, tazama kwanza tundu la chaji: vumbi la mfukoni hushindiliwa humo hadi kebo isiingie mpaka mwisho. Zima simu, chokonoa polepole kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano hapana, inakwangua pini.

Betri niliibadilisha mwenyewe. Anayetaka kujaribu aanze kwa kuitumia chaji hadi ishuke chini ya asilimia 25, kwa sababu betri iliyoshiba ikitobolewa huwaka kwa nguvu zaidi. Kama imevimba na kuinua mfuniko, usiiguse. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Zima simu, toa kitrei cha laini, pasha kingo za mfuniko kwa drya ya nywele dakika moja au mbili hadi gundi ilegee. Inua kwa mpira wa kunyonya, pitisha kadi nyembamba ya plastiki, milimita chache tu, maana ndani kuna fleksi, zile nyaya bapa nyembamba, na ukikata ya alama za vidole umeongeza hasara.

Skrubu ndizo zinazoua simu nyingi mikononi mwa wanaojifunza. Hazilingani urefu. Ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inatoboa mazabodi na kukata njia za umeme, na hapo ndipo simu inakufa kweli. Chora umbo la simu kwenye karatasi, bandika kila skrubu mahali pake kwa utepe wa gundi. Chomoa plagi ya betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kwa plastiki, si chuma. Vuta mikia ya gundi, zile ncha za tepu inayoshikilia betri, taratibu, kwa pembe ya chini, karibu na usawa wa betri. Ikikatika, dondoshea spiriti ya zaidi ya asilimia 90 pembeni, subiri dakika mbili tatu, inua kidogo kidogo bila kuikunja betri. Betri mpya ichomeke na ujaribu kuwasha, kugusa skrini, kamera na kuchaji kabla hujabandika lolote. Mfuniko ukishafunguliwa usiutegemee tena kuzuia maji, isipokuwa uweke gundi mpya ya kuzunguka kingo.

Na ogopa betri yenye umbo lilelile lakini imeandikwa uwezo maradufu. Haiwezekani. Iliyokaa dukani miaka bila chaji nayo ni maiti: ipime kwa mita ya umeme, ikiwa chini ya volti 3 irudishe.

Nikipoa nasema kijana yule huenda alifundishwa hivyo, nami nampa nyota mbili. Na wapo wanaohitaji simu mpya kwa haki: ambao yao haipati tena masasisho ya usalama, au programu ya benki imekataa kufunguka, au chipu ya hifadhi imekufa. Kamera za sasa gizani ni bora pia, siwezi kukana.

Lakini baada ya kuweka betri halisi, iliyotoka kwenye simu ya modeli ileile, skrini ikaniletea onyo kwamba sehemu hii haitambuliki, na asilimia ya afya ya betri ikafichwa. Betri ina chipu iliyofungwa kwa mazabodi ya awali, na ufunguo wa kuzioanisha wanao wao, walewale walionifukuza kaunta. Nyota mbili nazifuta, abaki na moja. Umoja wa Ulaya tangu 20 Juni 2025 unadai betri ya simu ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri viendelee kupatikana miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kumbe linawezekana! Walisubiri kulazimishwa tu.

Simu yenyewe nyota tano. Inakaa siku nzima, kamera inafunguka bila kuzima, na lile onyo bado liko pale pale kwenye mipangilio, kila nikiifungua.