Banda la picha za kutisha Ngamiani: ukichelewa mwanzo bora urudi nyumbani

Wadau wa Tanga mnaoulizaga Alhamisi usiku mtu aende wapi zaidi ya kukaa Raskazone kupigwa upepo, kuna banda la video huku Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kila Alhamisi saa mbili na nusu usiku wanaonyesha picha za kutisha tu, mbili kwa mpigo, kiingilio buku. Nimeenda Alhamisi nne mfululizo kwahiyo naongea kitu ninachokijua.

Mi mabanda nayajua toka mdogo na ugonjwa wao ni mmoja, mwanzo wa picha hauheshimiwi kabisa. Watu wanaingia wanakanyagana, anayekusanya hela anakumulika na tochi ya simu usoni, mwenye rimoti anapeleka mbele mpaka "patamu", au wanaweka ile iliyotafsiriwa na DJ anaanza kuongea kabla hata majina hayajaisha, sekunde ya thelathini ushaambiwa huyu dada unayemuona anatembea peke yake hamalizi dakika mbili. Kwa picha ya ngumi sawa, hupotezi kitu. Ila picha ya kutisha ukikosa zile dakika kumi za kwanza hofu yote umeiacha mlangoni, kinachobaki ni makelele na damu ya rangi.

Mwenye hili banda, wote tunamwita Mjomba, hilo analijua vizuri. Picha linaanza yeye anatia komeo, uliyebaki nje umebaki. Siku ya kwanza kuna kijana akagonga, "Mjomba shikamoo, nifungulie basi ndo kwanza imeanza", Mjomba akamjibu kwa ndani taratibu kabisa, "Marhaba mwanangu, ngoja huyu wa kwanza afe ndo nafungua." Tukacheka banda zima.

Hiyo siku ilikuwa Jaws, ile ya Steven Spielberg ya 1975, na mi nilijua hapa imekula kwake, maana we fikiria unamtisha mtu wa Tanga na papa. Papa tunamnunua mkavu sokoni tunamuunga na nazi tunamla na wali. Jamaa wa mbele yangu, kwa mikono ile nahisi mvuvi, akasema kwa sauti kabisa mleteni huyo papa tumkaushe. Haya, vijana wako ufukweni wameota moto usiku, msichana anatoka mbio anaingia kuogelea, mvulana anayemfata kalewa kaanguka mchangani, na hapo kamera inashuka chini ya maji inamwangalia yule msichana kwa chini, miguu tu inapiga maji. Noti mbili za muziki wa John Williams, mbili tu, zinaanza kwa mbali kisha zinaongeza mwendo. Papa haonekani! Mpaka msichana anavutwa huku anavutwa kule, anashika boya, anazama na bahari inatulia kama hakikutokea kitu, humuoni hata pezi. Yule mvuvi kimya. Na mwanzoni wala haikuwa akili ya makusudi yote, papa wao wa mashine alikuwa anaharibika kila saa kwenye maji chumvi, ikabidi Spielberg amfiche muda mwingi, na yule msichana alifungwa kamba watu wanamvuta kushoto kulia. Kumbe mashine mbovu imefanya kazi kuliko nzima, kwa sababu papa unayemuona unamjua, unamla, ila yule usiyemuona kila mtu anajitengenezea wa kwake kichwani na wa kwake lazima awe mkubwa.

Alhamisi ya pili ndo banda lilitaka kuvunjwa. Scream, 1996, Wes Craven. Mnajua kanuni ya mabanda yote nchi hii, stelingi hafi. Inaanza tu simu inalia, Drew Barrymore anapokea, mtu kakosea namba, anakata, inalia tena, jamaa ana maneno matamu wanaanza kupiga stori za picha za kutisha, na huku dada kaweka bisi jikoni. Sasa angalieni hizo bisi bana. Kila kamera ikirudi jikoni ile karatasi ya juu imevimba zaidi, zinapasuka kwa kasi zaidi, yani ni saa ya ukutani ila inalia pa pa pa, hakuna aliyekwambia uhesabu na wewe unahesabu. Dada wa watu anazunguka nyumba nzima na simu isiyo na waya, milango yote ya vioo na nje giza, mpaka jamaa anaropoka kitu kinachoonyesha anamuona. Pembeni yangu kuna bi mkubwa mmoja alikuja na wajukuu, alikuwa anatafuna karanga, akaacha karanga mdomoni.

Akafa! Dakika kama kumi na mbili Drew Barrymore kafa, sura yake ndo ilikuwa kubwa kwenye mapostasi. Watu wakasimama, Mjomba rudisha hela, stelingi kafa unatuonyesha nini tena. Mjomba hata hakugeuka. Na ni kweli baada ya hapo banda zima lilikaa roho juu picha nzima, maana kama huyu kafa basi hakuna aliye salama, na hiyo hofu waliipanda pale mwanzo tu, huko mbele walikuwa wanavuna.

Ya tatu ilikuwa nusu nusu. Walianza na The Shining ya 1980, na hapa Mjomba alichemka, sio picha, banda lake. Mwanzo ule ni kigari cha njano kinapanda milimani kinachukuliwa na helikopta, mlima mkubwa kagari kadogo, na muziki wa mashine wa Wendy Carlos na Rachel Elkind waliojenga kwenye wimbo wa zamani wa misa ya wafu, ndo kinachokupa ubaridi bila kuona kitu kibaya chochote. Sasa projekta yake imefifia, milima yote imekuwa uji, na sabufa kaiweka besi mpaka mwisho bati linatetemeka, ule muziki ukageuka singeli. Mtu nyuma akauliza hili tangazo la utalii linaisha saa ngapi na kwakweli sikuwa na cha kumjibu.

Ikafata Halloween, ya John Carpenter, 1978, hapo akajikomboa. Hii usipoiona toka mwanzo usijisumbue. Wewe ndo kamera. Unaizunguka nyumba, unachungulia dirishani, unaingia jikoni, mkono unatoka kwa chini ya skrini unachukua kisu, mkono wako huo, unapanda ngazi, unavaa kinyago na sasa unaona kupitia matundu mawili tu. Dakika kama nne hivi inaonekana kama haijakatwa hata mara moja, na hilo ndo linabana, maana picha ikikatwa unapata pa kupumua kidogo, hii hupati. Halafu wazazi wanafika wanamvua kinyago na ni mtoto wa miaka sita. Hakuna aliyepiga kelele, nilisikia tu mtu anasema astaghfirullah polepole.

Ya nne ndo nitakayowasimulia wajukuu. A Quiet Place, 2018. Picha yenyewe ni familia haitakiwi kutoa sauti hata kidogo, kuna madude yanawinda kwa kusikia, wanaingia dukani pekupeku siku ya 89, wanaongea kwa mikono, mtoto mdogo anataka roketi ya kuchezea inayopiga kelele, baba anatoa betri anaziweka pembeni. Mjomba alizima sabufa, akazima na feni zote mbili! Joto la Tanga mnalijua. Watu tunavuja jasho kimya, tunamwangalia yule mtoto anavyozirudia betri, baba hajamuona, banda zima tumemuona. Hitchcock, yule mwongozaji wa picha za hofu, alishasema zamani, bomu likilipuka ghafla chini ya meza umemshtua mtu sekunde chache, mwonyeshe bomu kabla na umwache na wanaopiga stori pale mezani utamtesa dakika kumi na tano. Ndo betri zile. Wanarudi kwa mstari mchangani, wanakaribia daraja...

Umeme ukakatika.

Nje jenereta lipo, watu wakapiga kelele washa, Mjomba akakataa, eti picha ya ukimya haiangaliwi na jenereta. Tulikaa karibu dakika arobaini gizani na mbu, wengine wakaenda kula mihogo na chachandu nje kwa yule mama, wengine wakatukana wakaondoka. Umeme uliporudi hakuendeleza pale palipokatikia, akarudisha mwanzo kabisa, siku ya 89, dukani, akafunga komeo. Najua wengi wataona kero. Mi niliona hapa nimefika kwa fundi.

Kasoro zipo. Mabenchi ni mbao tupu, ukikaa picha mbili mgongo unakudai, nenda na kitenge ukunje. Choo sisemi. Kona ya kushoto nyuma usikae, nguzo inakula robo ya skrini. Sabufa apunguze, siku zote, sio siku moja. Na projekta anunue nyingine hela anayo, kila Alhamisi anajaza.

Alafu kuna chenji. Ile Alhamisi ya nne nilimpa elfu mbili akaniambia utachukua ukitoka, nikatoka miguu inatetemeka nimesahau, nimekumbuka nimeshafika Chumbageni. Alhamisi hii ile buku ndo kiingilio changu na nitakuwa mlangoni saa mbili na robo, asije kuniletea habari za komeo.