Kochi la zamani: nunua sponji kabla ya sabuni

Kochi letu la siti tatu lilitoka Keko mwaka 2012, fremu ya mninga, kitambaa cha rangi ya maziwa ambacho kila mgeni alikisifu na kila mtoto alikifutia mikono. Tangu hapo nimelinunulia karibu kila kinachouzwa kwa jina la kusafisha au kufufua makochi: povu la kopo, kava, mashine ya kufyonza vumbi, fundi wa kuosha, na mwisho kabisa sponji. Nikipiga hesabu leo, pesa nyingi nilizimwaga mahali pasipo na ugonjwa. Nilikuwa naosha kochi lililobonyea. Linatakata kweli, lakini mgeni akikaa anazama mpaka magoti yanakaribia kidevu.

Kabla hujafungua pochi, lipime. Inua mguu mmoja wa mbele kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Mguu wa mbele wa upande wa pili ukifuata, fremu ni nzima. Ukibaki umeng'ang'ania chini, maungio yamelegea, na seremala anatangulia mambo mengine yote. Kisha ligeuze, uchungulie kwenye mishono. Ukiona vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga kama kalamu iliyovuja, hao ni kunguni, na hakuna poda wala manukato yatakayokusaidia. Tafuta mvuke wa moto. Joto la nyuzi 60 likiwafikia mshononi huua wakubwa na mayai.

1. Sponji mpya

Namba moja, na namba mbili iko mbali nyuma. Tatizo ni kwamba sponji ndicho kitu rahisi kuliko vyote kudanganywa. Muuzaji ataibonyeza kwa kidole gumba mbele yako na kusema, "Cheki mzee, hii ngumu, haishuki hii." Ugumu si uimara. Ipo sponji ngumu kama ubao iliyojaa hewa tu, na ndani ya miezi michache inakuwa chapati. Kinachotakiwa ni uzito kwa ujazo: sponji ya kukalia iwe na kilo 28 mpaka 35 kwa mita moja ya ujazo.

Hilo unalipima kwa mizani ya duka la mangi. Kipande cha sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita 10, kikiwa cha kilo 30 kwa mita ya ujazo kitasoma kilo moja na gramu 80. Ukiweka kikasoma gramu 600 hivi, rudisha, hata kama kidole kimesema ni ngumu. Mara ya kwanza nilipoingia dukani na mizani yangu ya jikoni muuzaji alicheka. Nilipopima kipande cha tatu alikuwa ameacha kucheka na ameniletea kingine kutoka stoo.

Mwambie akate kwa kuzidisha sentimita moja au mbili kila upande, ili foronya ijae na pembe zisikunjane. Na kabla ya kulipa, rudi nyumbani ukaangalie mikanda au springi zilizo chini ya mito. Mikanda ikiwa imelegea, sponji mpya itazama vilevile, tena utamlaumu muuzaji bure.

2. Brashi laini, beking soda na sabuni ya maji kidogo

Hii ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na kwa kochi lililochoka kwa harufu na vumbi tu inaweza kutosha. Nyunyiza beking soda kavu, acha usiku kucha, asubuhi piga brashi na ufyonze.

Kuwa makini na jina. Wengine huiita magadi soda, na balaa huanzia hapo, maana ukiagiza mtoto dukani anarudi na magadi ya kuivishia maharage. Magadi yale ni makali zaidi na yanaweza kuchakaza rangi ya kitambaa. Unayoitaka ni ile nyeupe, laini, ya kwenye mikate na maandazi.

Video nyingi hukuonyesha soda na siki zikimwagwa pamoja, vinachemka, watu wanashangilia. Vikikutana vinauana, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Tumia kimoja kimoja. Mkojo wa mtoto uliokaa muda, anza na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikaushe, ndipo soda ifuate. Ile alama ya mafuta ya nywele mahali watu wanapoegemeza kichwa, ipake poda kavu kwa saa kadhaa inyonye, halafu ndiyo sabuni.

Sabuni yenyewe ni kijiko kimoja kwenye lita ya maji ya vuguvugu. Ipige mpaka itoe povu, kisha utumie povu tu, maji yabaki kwenye beseni. Futa kwa kitambaa cheupe. Nasisitiza cheupe kwa sababu mimi nilichukua kipande cha kanga mpya, nyekundu, na mkono wa kulia wa kochi letu ukabaki na wekundu ambao hadi leo hufunikwa na kitambaa cha kufuma.

Kochi la ngozi bandia halihusiki na soda wala brashi. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinalitosha.

3. Fundi wa kuosha anayekuja na mashine

Anafaa kwa kochi lenye madoa ya miaka, na hutoza kwa siti, kwa hiyo hesabuni siti pamoja kabla hajachomeka waya. Swali la kumuuliza ni moja: mashine yako inanyonya maji, au inamwaga tu? Vijana wawili walikuja kwetu mwezi wa nne, katikati ya masika, na ndoo, brashi ya sakafu na mashine ya kufyonzea vumbi kavu tu. Walilowesha mpaka sponji, wakapokea chao, wakaondoka. Siku ya nne sebule ilinuka kama mbwa aliyenyeshewa, na chini ya mito ukungu ulikuwa umeanza kuchora ramani.

Tangu siku hiyo, hapa Dar, makochi yangu yanaoshwa kati ya Juni na Septemba, mvua ikiwa imepumzika. Kazi ikiisha nabana mto kwa kiganja. Kikitoka na maji, fundi anarudia kunyonya kabla ya malipo. Mito isimamishwe kwa ubavu, feni iwake, madirisha yawe wazi. Kuianika juani mchana kutwa kunafubaza rangi.

Ukitaka mashine yako mwenyewe, nunua inayonyonya vumbi na maji pia, na uigawane na jirani, kwa sababu utaitumia mara chache mno. Umeme usikutishe: ya wati 1400 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti 0.7 za LUKU.

4. Kuvalisha kitambaa kipya

Kazi nzuri, ila ni ghali. Kochi la siti tatu lenye mito inayotoka huweza kula mita 10 mpaka 14 za kitambaa cha upana wa kawaida, kwa hiyo muite fundi apime kwanza, ndipo uende Kariakoo. Mimi huweka mpaka: kitambaa na ufundi vikipita nusu ya bei ya kochi jipya la hadhi hiyohiyo, naacha, labda fremu iwe mninga au mkongo. Dukani nyoosha kitambaa kwa mshazari na ukiinue kwenye mwanga. Ukiona nyuzi zinaachana, kitachanika kwenye mshono.

Ngozi bandia laini, ile inayong'aa kama kiatu kipya, siipendekezi kwa mtu wa pwani. Unyevu wa hewa na jasho huivunjavunja, na ikishaanza kubanduka haina dawa. Utakuwa unawapangusa wageni migongo.

5. Kava za kuvutika

Zinaficha, hazitibu. Kwa nyumba ya kupanga yenye watoto wadogo sina ubishi nazo. Zinafuliwa, basi. Pima upana wa mgongo pamoja na mikono kabla ya kuagiza mtandaoni, maana ile picha ya kochi jembamba si kochi la Keko lenye mikono minene kama mito ya kulalia.

6. Povu la kopo

Kwa doa moja la chai lililomwagika leo. Kochi zima utamaliza makopo na hutaona tofauti. Kochi lililotoka nje ya nchi mara nyingi huwa na lebo chini ya mto: W maana yake maji yanaruhusiwa, S ni dawa isiyo ya maji, WS zote mbili, X ni kufyonza vumbi tu. Letu la Keko halina lebo, kwa hiyo dawa yoyote hujaribiwa kwanza nyuma, panapotazamana na ukuta.

Jiki sikuipa namba. Inakula rangi, na ikikutana na siki au dawa ya choo hutoa gesi yenye sumu, tena ndani ya sebule iliyofungwa.

Na ile sponji kuukuu usiitupe yote. Kata kiini chake, kipande cha ukubwa wa kiganja. Ndicho ninachochotea povu la sabuni sasa.