Boksi la sayansi ya jikoni la elfu 45: nimelichukia lote kasoro hili bomba

Mambo vipi wadau, leo sauti itasumbua kidogo, upepo wa ziwa umeamka vibaya na mi niko barazani hapa Ujiji. Stendi ya simu nayo imevunjika, mpwa wangu ndo kashika kamera, mvumilieni, ana miaka 5.

Basi hili ndo lile boksi mliloniulizia, mnunue au msinunue. Elfu 45, na nauli ya mzigo toka Dar juu yake! Vilivyomo, vifaa vya mtoto kufanyia majaribio nyumbani, mshaviona kwenye picha, sirudii. Ila jamani hii pakiti ya volkano, magadi soda kijiko kimoja tu, unamwagia siki povu linapanda limekwisha, mtoto anasema "tena", tena iko wapi? Chukua magadi ya kupikia maharage pale sokoni, kamulia limao, povu lilelile, hewa ileile ya kaboni dayoksaidi.

Sasa kilichoniua ni hili bomba, kama glasi ndefu nyembamba. Linasimama lenyewe, ndani unaona hadi upande wa pili. Naanza na asali, hii ya Tabora, imekuja na treni... shusha kamera mama, hapo hapo. Sasa maji matupu, usiyamwage, yapitishe mgongoni mwa kijiko yateleze, hivi. Mnaona yamekaa juu ya asali? Halafu mawese yetu, nimeyaanika juani kwanza maana asubuhi yalikuwa yameganda. Hayo, ngazi tatu. Tupa punje ya hindi: inapita mawese, inapita maji, inagota kwenye asali! Kijiti cha kiberiti kimebaki juu kabisa kinaelea.

Jana huyu aliuliza kwa nini hindi halifiki chini, nikampa vikombe viwili vya kahawa, kimoja asali kimoja maji, akavipima mikononi, akashika cha asali akasema "hiki kizito". Basi, mi nikanyamaza.

Lile boksi la mwezi uliopita bomba lake lilivuja mezani, hili hata tone. Kwa hiyo mnunue msinunue? Nilikuja kusema msinunue. Likishuka elfu 20 chukueni, la sivyo chupa ya maji ikate shingo, inafanya.

Na wenye vichanga, chini ya mwaka 1 asilambishwe asali kabisa, hata ya kidoleni. Video ijayo nalilaza hili bomba nje usiku tuone mawese yataganda... we, toa kidole humo!