Spana ya gia ya kufungulia nati za matairi ya tela: miezi minane nayo barabarani

Muuzaji wa Kariakoo alianza na laki mbili na nusu, tukaachana kwenye 165,000. Ndani ya boksi jekundu la plastiki kuna spana yenyewe, nene kama chupa ya chai, mkono wa kuzungushia, kipande cha kurefushia, na soketi mbili, za milimita 32 na 33. Chapa siitaji kwa sababu zipo za majina kumi na zote naona zimetoka tumbo moja.

Mimi ni dereva wa tela, Dar kwenda Tunduma, safari nyingine mpaka Lubumbashi. Miaka yote hiyo nati tulifungua kwa wili spana na bomba refu, utingo anapanda juu ya bomba anaruka. Mwaka juzi, pale Chimala, bomba lilichomoka, kijana akapiga mgongo kwenye lami. Hakuvunjika, ila siku mbili alilalia ubavu na mimi nilishindwa kumwangalia usoni. Ndiyo sababu nilinunua kitu hiki.

Kinafanyaje kazi? Ndani kuna gia. Unazungusha mkono kama unasaga nyama, na kwenye hii yangu ukifika mizunguko 58 nati imezunguka mmoja tu. Nguvu unayopoteza kwenye mizunguko unaipata kwenye nati. Pembeni kuna mguu unaoegemea nati ya jirani ili spana isizunguke yenyewe. Huo mguu uogope. Ukiacha kidole kati yake na nati, utakiacha huko. Glavu yangu ya kushoto ilishabanwa hapo, bahati nilikuwa nimeshika kwa ncha.

Mtihani wake wa kweli ulikuwa Igawa, tumebeba mbolea, tairi la nje ekseli ya mwisho likabasti. Upande wa kulia, yaani upande wa magari yanayopita. Sikusimama palepale. Nilitambaa kwa gia ya kwanza mpaka barabara iliponyooka na pembeni pakawa papana, nikatoka nje ya lami kabisa. Lile tairi lilishakufa, sikuona sababu ya kulionea huruma. Handbreki, kabari mbele na nyuma ya matairi ya upande wa pili, pembetatu mbali nyuma na nyingine mbele. Matawi tuliweka pia, maana usiku ulikuwa unaingia, na tukayaondoa tulipomaliza. Wenzangu mnaoondoka mkaacha mawe barabarani, Mungu anawaona.

Nati zilegezwe tairi likiwa bado chini, kabla ya jeki. Hapo ndipo spana ilinipa raha. Gereji moja ya Dar ilikuwa imezikaza kwa mashine ya upepo kana kwamba wanachomelea. Kwa bomba tungekesha. Utingo alizilegeza zote kumi akiwa amechuchumaa, anaongea na simu. Moja ilikatika na bolti yake, ilikuwa kutu tupu, hilo silihesabu kosa la spana.

Ila usije ukazitoa mpaka mwisho kwa spana hii. Mizunguko 58 kwa nati kuzunguka mara moja, mara kumi, utazeeka. Ikishalegea, rudi kwenye wili spana.

Jeki tuliweka juu ya ubao mpana chini ya ekseli, karibu na springi, si katikati. Gogo pembeni yake la kushikilia endapo jeki itasalimu amri, na hakuna mtu kuingia chini ya tela.

Sasa kasoro kubwa, ambayo muuzaji hakuisema: usikazie nati kwa spana hii. Mkono hausikii chochote, unaendelea kuzungusha kwa wepesi uleule huku bolti inavutika mpaka inakatika. Nati za M22, yaani za bolti ya unene wa milimita 22, kwenye tela nyingi zinataka kama Nm 600 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na hesabu yake rahisi: kijana wa kilo 60 akiegemea uzito wake wote taratibu kwenye mwisho wa bomba la mita moja, uko hapohapo. Bila kuruka. Kaza kwa kupishana, siyo kwa kufuatana. Safari ile ya Igawa, tulipofika Chimala tukasimama kukaza tena, palepale kijana alipoangukia, na nati mbili zilikubali robo mzunguko.

Jambo jingine kwa wenye gari za zamani za Kijapani: nati za upande wa kushoto huwa zinafunguka kinyume. Kwa bomba ungeshtuka mapema kuwa unakaza. Kwa spana hii utajua bolti ikishalia paa.

Nne kati ya tano naipa. Moja nimeikata kwa soketi ya 32, ambayo ilipasuka mwezi wa tano, na niliporudi dukani nikaambiwa nilizungusha kwa hasira. Nimenunua nyingine pembeni, ya chuma kizito, elfu ishirini, na hiyo mpaka leo haijaonyesha hata mkwaruzo.