TAHADHARI: Waya wa spika wa "shaba tupu" unaouzwa Kariakoo ni alumini, wenye amplifaya za kubriji kuweni macho

Mafundi mitambo, wenye vyombo vya kukodisha, na nyie wanakamati wa kwaya mnaozunguka na kitabu cha michango ili kanisa lipate mitambo: Kariakoo kuna rola za waya wa spika zimeandikwa shaba tupu, mm 2.5 na mm 4 (yaani milimita za mraba), na ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Msitoe hela kabla hamjasoma hapa. Muuzaji simtaji, kwa sababu mzigo huu hauko kwake peke yake. Nimeshika maboksi ya rangi tofauti, jina tofauti, waya uleule, na mawinga, wale madalali wa mtaani, wanaupeleka duka hadi duka.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja wa Mbagala anayekodisha vyombo kwa shughuli za mtaani. Aliniita akilalamika kwamba amplifaya yake mpya haina nguvu. Ameibriji, yaani ameziunganisha chaneli zake mbili zisukume mzigo mmoja, inasukuma sabufa (spika za bas) mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizounganishwa sambamba, kwa hiyo mzigo ni omu 4, na nyuma ya amplifaya imeandikwa wazi kwamba omu 4 kwa briji inaruhusiwa. Hapo hakukosea kitu. Amplifaya inakaa mezani pamoja na miksa, sabufa ziko mbele ya watu, katikati kuna waya wa mita 20. Bas inavuma tu, haipigi. Akiongeza sauti, taa nyekundu ya klipu, ya kuonyesha amplifaya imezidiwa, inawaka. Alishaanza kuitafutia amplifaya mnunuzi, kwa bei ya kutupa.

Amplifaya ilikuwa nzima. Nilipoushika waya ulikuwa vuguvugu, na kwenye skrubu za speakon (plagi ya kuunganishia spika) palikuwa pa moto mpaka plastiki imebadilika rangi. Nikakata kipande, nikahesabu nyuzi. Zilikuwa 50, sawasawa na waya halisi wa mm 2.5. Ila waya halisi una nyuzi 50 za unene wa milimita 0.25 kila moja, na hizi zilikuwa za milimita 0.16. Piga hesabu: unapata milimita moja ya mraba, si mbili na nusu. Nafasi iliyobaki imejazwa plastiki nene ili mkononi waya uonekane mnono. Kisha nikakwangua uzi mmoja kwa wembe. Mweupe.

Kwa hiyo ameibiwa mara mbili, kwenye unene na kwenye madini. Alumini iliyopakwa shaba inazuia umeme zaidi ya shaba kwa kiasi cha mara moja na nusu na zaidi kidogo. Waya wa shaba wa mm 2.5, mita 20 kwenda na 20 kurudi, unaleta ukinzani wa karibu omu 0.28. Waya wake ulikuwa unaleta kama omu 1.1. Weka hiyo mbele ya mzigo wa omu 4: kwa shaba, sabufa zingepata karibu asilimia 87 ya nguvu ambayo zingepata kama waya usingekula kitu. Kwa waya aliouziwa zinapata kama asilimia 62. Zaidi ya theluthi ya nguvu aliyoinunua haifiki kwenye sabufa. Na ule ulegevu wa bas unatoka hapohapo, kwa sababu amplifaya ndiyo inayoishika koni ya spika isiendelee kucheza baada ya mdundo kwisha, na ukinzani ukikaa katikati yao mshiko unalegea.

Wapo mafundi wanaosema waya mwembamba unaunguza amplifaya moja kwa moja. Si hivyo. Ukinzani wa waya unaipunguzia amplifaya mzigo. Kinachoua vyombo ni kile mtu anachofanya akiona sauti haitoshi: anaongeza, amplifaya inaklipu usiku kucha, na koili za spika zinaungua. Cha pili ni shoti, na hapa mwenye kubriji anisikilize vizuri.

Amplifaya ikitumika kawaida, ile terminali nyeusi kwa kawaida ni ardhi, yaani upande usio na umeme. Uzi mmoja wa upande mweusi ukigusa bodi ya chuma, mara nyingi hakuna kinachotokea. Ukibriji, chaneli mbili zinasukuma kinyume, moja ikivuta nyingine inasukuma, na nyaya zote mbili za spika zina umeme. Uzi wowote ukigusa bodi umeipiga shoti chaneli nzima. Alumini inakatika upesi ikikunjwa kunjwa, na kazi yetu ni kukunja na kukunjua waya kila wikiendi. Inalegea chini ya skrubu hata uikaze vipi. Ukiilehemu, kile kigamba cha shaba kinayeyukia kwenye risasi na alumini yenyewe inakataa kushika. Kwetu pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, ncha zake zinaota unga mweupe baada ya muda. Nyuzi zilizokatika zikichomoza kwenye terminali ya amplifaya iliyobrijiwa, hiyo ni ajali inayosubiri mtu asogeze plagi.

Na umeme wenyewe si wa kuchezea. Amplifaya ikitoa wati 2,000 kwenye omu 4, maana yake ni volti karibu 90 na ampea 22, wakati fyuzi ya plagi zetu za ukutani ni ampea 13. Umeme wa kiasi hicho unapita kwenye waya ambao watoto wanaurukaruka mbele ya jukwaa.

Sasa wanavyowapata watu. Juu ya kaunta kuna kipande cha mfano, na hicho ni shaba kweli. Ukikikwangua, ukikiunguza, kinapita mtihani wote. Rola unayofungashiwa imevirishwa nailoni, na ukitaka kuifungua unaambiwa ukifungua umeshanunua. Winga anaweza kukukwangulia kwa ukucha na kukuonyesha wekundu, maana ukucha haufiki ndani. Maandishi ya OFC (shaba isiyo na oksijeni) kwenye plastiki msiyaamini hata kidogo, wino haugharimu kitu. Bei inakuwa chini ya shaba, lakini si chini sana kiasi cha kukushtua, na hapo ndipo wanapowapata hata watu makini. Ukidai risiti unapewa karatasi iliyoandikwa "waya" basi, bila kipimo wala madini.

Kuna na hii nyingine, inaniumiza zaidi kwa sababu inawalenga wanaoanza: "kebo maalumu ya briji". Inauzwa ghali, imeshafungwa plagi za speakon. Hakuna waya maalumu wa briji duniani. Ni waya wa kawaida wa njia mbili, mnene, uliofungwa kwenye terminali zinazotakiwa. Kwenye amplifaya nyingi briji inatoka 1+ na 2+ ya tundu la speakon la chaneli ya kwanza, au terminali mbili nyekundu kama ni za skrubu, lakini si zote, kwa hiyo soma mchoro wa nyuma ya amplifaya yako. Nilipozifungua kebo hizo nikakuta zimefungwa 1+ na 1- kama kebo yoyote ya stereo. Anayezinunua anapata chaneli moja tu, anadhani amebriji, halafu anashangaa mbona sauti haijaongezeka.

Kujikinga si kazi kubwa. Nenda na wembe, kiberiti cha gesi na multimita (kile kifaa cha kupimia umeme). Dai kukata sentimita chache kutoka kwenye rola utakayoondoka nayo. Kwangua uzi mpaka kati, shaba ni nyekundu hadi moyoni. Toka nje ya duka, chukua uzi mmoja uliovuliwa plastiki, uweke kwenye moto. Shaba inaiva nyekundu na inabaki imesimama. Alumini inalegea, inainama na kukatika, kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 na shaba inasubiri mpaka 1,085. Msichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo nje ni nyeupe na ndani nyekundu. Hiyo ni waya mzuri, tena kwa pwani ni mzuri zaidi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha rola nzima. Ncha ya ndani ya rola kwa kawaida imechomoza. Zivue nyaya zake mbili uzisokote pamoja, halafu upime kwa multimita kwenye zile mbili za nje. Kwanza gusanisha pini za multimita zenyewe, uone zinasoma ngapi, utoe hiyo. Mita 100 za shaba ya mm 2.5 zitakupa karibu omu 1.4, na za mm 4 karibu omu 0.9. Rola ya waya kama wa kijana wa Mbagala inasoma zaidi ya omu 5. Hapo hata multimita ya bei rahisi inasema ukweli, na muuzaji hana cha kubishana. Akikukataza kupima, ondoka.

Kama huna multimita, tafuta mizani. Mita 100 za waya wa njia mbili wa mm 2.5 zina shaba ya karibu kilo 4.5 peke yake, plastiki haijahesabiwa. Rola nzima na plastiki yake ikiwa chini ya hapo, ama si shaba, ama si mm 2.5, ama si mita 100. Na mita zinapunguzwa kweli, msidhani wameacha.

Kuhusu unene: kwa briji ya omu 4, shaba ya mm 2.5 inatosha mpaka mita 10 hivi, kwa mita 20 tafuta mm 4. Mzigo ukiwa omu 8, mm 2.5 inakufikisha mita 20 bila shida. Ila kuliko kununua waya mrefu wa bei kubwa, mimi ningesogeza amplifaya ikae nyuma ya sabufa na kuvuta kutoka kwenye miksa kebo ya XLR, ile inayobeba sauti kabla haijakuzwa na amplifaya. Kebo hiyo inasafiri umbali mkubwa bila kupoteza nguvu. Kijana wa Mbagala ndivyo nilivyomfanyia: waya wa spika sasa ni mita 3 za shaba, na amplifaya haiuzwi tena.

Aliyekwisha kuuziwa: kama una risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, rudi dukani na shahidi na uwaonyeshe kipimo. Wakigoma, maandishi ya uongo kwenye bidhaa yapeleke Tume ya Ushindani, ubora wa waya ni wa Shirika la Viwango, TBS, na mita pungufu ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Tunza kipande cha waya chenye maandishi yake na boksi, bila hivyo malalamiko hayana mguu. Wenzetu wa Nairobi mnaonunua Luthuli Avenue, vipimo ni hivihivi na Kebs, shirika la viwango la Kenya, wanapokea malalamiko.

Waya wenyewe usiutumie kwenye briji tena. Vipande vifupi vinaweza kuendesha spika ndogo za omu 8 kwa sauti ya chini, ncha zikifungwa kwa vishikizo vya kubana, si kwa risasi. Na tafadhali sana, usimpe fundi umeme aufunge kwenye soketi za nyumba eti usipotee bure: plastiki yake haikutengenezwa kwa umeme wa nyumbani, na ncha zinazopata moto kwenye skrubu za speakon zitapata moto ndani ya ukuta ambako hakuna atakayeziona.