Antena mpya ya repita yetu: tumeacha ya faiba, tumechukua daipoli za kukunja

Wakuu, kuna watu walishaniuliza hii antena mpya ikoje, ngoja niandike mara moja niwe natuma tu.

Repita yetu (redio inayopokea sinyali za redio za ridhaa na kuzirusha tena mbali zaidi) ya bendi ya mita 2 iko ukingoni mwa milima ya Usambara, upande ule unaochungulia Mazinde na Mombo, na mbele yake ni nyika tupu. Antena ya zamani ilikuwa ya bomba jeupe la faiba, refu, kampuni siitaji. Mwanzo ilipiga kazi vizuri sana, afu ikaanza kitabia: upepo ukivuma jioni repita inakwaruza, kwaru kwaru kwaru, na mtu aliyekuwa anaingia na handi, redio ya mkononi, ya wati 5 kutoka Korogwe anapotea kabisa, upepo ukitulia anarudi. Ukipima SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena (1 ndio bora kabisa), unakuta 1.3 safi kabisa, kwa hiyo kila mtu anasema antena haina shida, tafuteni kwenye dupleksa, kile kichujio kinachotenganisha kutuma na kupokea.

Sasa hapo ndio wengi tunapotezwa na SWR. Redio ya nyumbani inatuma au inapokea, moja moja, lakini repita inafanya vyote kwa pamoja, kwetu huku bendi ni MHz 144 mpaka 146 na tofauti ya kutuma na kupokea ni kHz 600 tu, kwa hiyo transmita inaunguruma wati 50 huku risiva iko hapo hapo kwenye antena ile ile inatafuta sinyali hafifu, ni sawa na kupiga tarumbeta huku unataka kusikia mtu ananong'ona. Dupleksa inazuia mengi, ila kiungo kimoja kilicholegea juu ya mlingoti kikipitiwa na umeme wa transmita kinatoa kelele kwenye masafa ya kupokea kabisa, na hiyo dupleksa haiwezi kuichuja kwa sababu iko palepale unapotaka kusikiliza. SWR haitakuonyesha hilo hata siku moja.

Fundi wetu alitenga tatizo kirahisi tu: aliingiza sinyali hafifu kwa kijenereta cha sinyali, akaweka dami lodi (kifaa kinachomeza nguvu bila kuirusha hewani) mahali pa antena, akawasha na kuzima transmita, sinyali haikubadilika hata kidogo. Akarudisha antena, transmita ikiwaka tu sinyali inazama kwenye kelele. Basi, mwizi yuko juu. Tukaishusha na kuikata kwa msumeno, ndani kuna vipande vya waya na koili vimeungwa kwa risasi ya kulehemu, kiungo kimoja kimepasuka na kuwa cheusi, shaba imeota ukijani na chini maji yanachuruzika. Ukungu wa Lushoto unaujua mwenyewe. Na faiba yenyewe jua lilishaila, ukiishika bila glavu unajikuna mpaka usiku.

Tukaanza kutafuta mbadala, na mabishano yakawa kwenye dB, zile namba za nguvu ya antena. Wenzangu walitaka ndefu zaidi, "tupate geini", yaani sinyali ifike mbali zaidi. Mi nikawaambia kwanza angalieni namba imeandikwa dBi (ukilinganisha na antena ya kufikirika inayorusha sawa pande zote) au dBd (ukilinganisha na daipoli, antena ya kawaida ya vijiti viwili), maana tofauti ni 2.15. Mfano Diamond X510 ni mita 5.2 na inaandikwa 8.3 dBi kwenye mita 2, ambayo ni kama 6.15 dBd, na zile za daipoli nne kama DB-224 ambazo Marekani zimejaa kwenye minara zinaandikwa 6 dBd ukizizungusha pande zote. Yaani ni kitu kimoja tu, usidanganyike na namba kubwa.

La pili ndio lilimaliza ubishi. Geini haitoki hewani, antena ndefu inabana mnururisho uwe mwembamba na kuutupa kwenye upeo wa macho. Pale kwetu kutoka ukingoni mpaka Mazinde ni kushuka karibu mita 1000, kwa hiyo antena ndefu inapita juu ya vichwa vya watu wa chini na kwenda kuwasalimia walioko mbali huko nyikani. Ndio maana jamaa wa Mazinde aliyeiona repita kwa macho alikuwa anaisikia vibaya kuliko wa Korogwe!

Kwa hiyo tukachukua fupi, ya daipoli mbili za kukunja, bomba za alumini tupu, hakuna faiba hakuna koili. 3 dBd ukizielekeza pande tofauti, na kama 6 zikiangalia upande mmoja. Sisi tumezielekeza zote nyikani kwa kuwa nyuma ni mlima tu. Ukiagiza kuwa makini sana, nyingi zinatengenezewa redio za biashara za MHz 150 kwenda juu, muulize muuzaji mapema kama inashuka mpaka 144, usiridhike na "itafanya kazi tu". Bei ni karibu mara mbili ya ile ya faiba na usafiri nao unauma, sifichi.

Kebo nayo tumebadilisha, LMR-400 tumeitoa. Ni kebo nzuri nyumbani, ila ndani ina foili ya alumini na wavu wa shaba yenye bati vinagusana gusana, na ukituma na kupokea kwa pamoja hiyo nayo ni chanzo cha kelele. Tumeweka helaksi, kebo yenye ganda zima la shaba, ya nusu inchi, mita 30 hazili hata dB 1. Viungo vya ile waya inayogawa daipoli mbili vimefungwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu nyeusi ya kawaida kuzuia jua.

Matokeo: upepo unavuma, repita kimya. Mazinde wanaingia na handi za Baofeng wakiwa wamekaa barazani, Korogwe hajapungukiwa chochote nilichoweza kukigundua kwa sikio. Jambo lingine nililopenda, bomba zote zimeungana na mlingoti kwa hiyo ziko kwenye ardhi moja kwa moja, radi ikipiga jirani chaji ina pa kushukia, ila kizuia radi chini bado tumeweka, usije ukakiacha.

Walioumia ni Lushoto mjini, wako nyuma ya antena na sasa wengine wanahitaji antena ya nje ya dirisha, handi peke yake haitoshi. Kuna mzee mmoja kila jioni anatusema hewani kuhusu hilo, na ana haki. Tunafikiria kugeuza daipoli ya juu robo mzunguko tuone. Na kama repita yako iko kwenye jengo sehemu tambarare, chukua tu ya daipoli nne, hii yetu utaiona dhaifu.